Kuhamia Kanisa Jipya: Mwongozo kwa Wazee wa Kanisa na Kamati

Makanisa mengi ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Goba na Madale hadi Chanika na Kigamboni, yamepita njia ileile. Familia chache zinaanza kusali sebuleni kwa mtu. Wakizidi wanahamia chini ya turubai, baadaye linasimama banda la mabati lisilo na kuta. Miaka inakwenda, ibada ya kwanza inajaa, inaongezwa ya pili, na bado kuna watu wanasikiliza mahubiri wakiwa nje chini ya mwembe. Hapo ndipo linaanza kujengwa kanisa kubwa, kwa sadaka za bahasha, kwa harambee, na kwa mnada wa kuku na mikungu ya ndizi baada ya ibada.

Kuhusu kujenga, washauri hawakosekani. Kuhusu kuhama, mara nyingi hakuna anayeulizwa. Kamati ya ujenzi ikishamaliza rangi huona kazi yake imekwisha, na kuhama kunaachiwa wiki moja ya mwisho yenye kelele nyingi. Msimamo wangu ni kwamba tarehe ya kuhamia haitakiwi kupangwa na dari, vigae wala ratiba ya Baba Askofu. Inapangwa na choo, maji, milango, na nauli ya mama anayetoka mbali na watoto wanne. Hayo yakikamilika, hata kama ukuta wa nyuma haujapigwa rangi, usharika unaweza kuhama. Yasipokamilika, vigae viwe vizuri namna gani havitasaidia.

Nimetumia majina yetu ya Kilutheri: usharika (kanisa la mahali), jumuiya (vikundi vya waumini vya nyumba kwa nyumba), wazee wa kanisa. Ndugu zangu wa Anglikana, Moravian, AIC na wa makanisa ya Kipentekoste watabadilisha majina, kazi ni zilezile.

1. Undeni kamati ya kuhama miezi sita kabla

Isiwe kamati ya ujenzi iliyopewa jina jipya. Wale wamezoea kufikiri kwa mifuko ya saruji, na wamechoka. Watu saba hadi tisa wanatosha, lakini wachagueni kwa kazi wanazozifanya: mlinzi au mhudumu wa usafi, mwalimu wa shule ya Jumapili, mama kutoka umoja wa wanawake, kijana wa mitambo ya sauti, mhasibu, mzee anayetembelea mkongojo. Yule wa mkongojo asiwekwe kwa heshima tu. Ataona mambo ambayo wengine wote mtayapita bila kuyagusa.

2. Angalieni karatasi kabla ya kuangalia jengo

Fungueni faili la kiwanja na msome jina lililoandikwa. Viwanja vingi vya makanisa vilinunuliwa zamani kwa hati ya mauziano ya serikali ya mtaa, na mnunuzi akaandikwa mchungaji wa wakati ule au mzee mmoja aliyeaminika. Mchungaji anahamishwa, mzee anafariki, watoto wake wanagawana mirathi, na kanisa la mamilioni linajikuta juu ya ardhi ambayo kwenye karatasi ni ya familia. Ardhi ya kanisa inapaswa kuwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa makanisa yenye dayosisi, bodi hiyo kwa kawaida ipo ngazi ya juu, kwa hiyo anzeni mawasiliano mapema, maana barua hizo hukaa.

Jambo la pili ni matumizi ya ardhi. Kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya makazi hakigeuki kuwa cha kuabudia kwa sababu mmejenga kanisa juu yake. Kuna utaratibu wa kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, unaoanzia halmashauri, na majirani hupewa nafasi ya kusema. Kibali cha ujenzi, michoro iliyogongwa mhuri, usajili wa mkandarasi kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: wekeni nakala zote kwenye faili moja, na nakala ya pili ikae mahali pengine.

3. Hesabuni watu kwa macho

Msitumie idadi iliyopo kwenye rejista, wala idadi ya Jumapili ya Pasaka. Hesabuni Jumapili nne mfululizo. Andikeni watu wazima waliokaa, waliosimama, walio nje, watoto wa shule ya Jumapili, kwaya moja moja, magari, bodaboda. Mkimaliza, pimeni ukumbi mpya kwa futikamba.

Viwango vya ujenzi vinavyotumika sana duniani huhesabu mita ya mraba 0.65 kwa mtu anayekaa kwenye kiti kisichofungwa sakafuni, na hiyo ni kwa kubanana. Mimi ningehesabu 0.75. Tuseme ukumbi wenu ni mita 15 kwa 30, yaani mita za mraba 450. Ondoeni madhabahu, sehemu ya kwaya, mitambo na njia za kupita, mnabaki na kama 300. Hapo wanakaa watu 400 kwa raha. Wakizidi 460, mmeanza kuziba njia. Atakayesimama kwenye kikao na kusema kanisa linabeba 800, mwombeni aje Jumamosi apange viti hivyo yeye mwenyewe.

Hesabu hiyo iamue pia kama ibada zitabaki mbili. Wengi hufurahi kurudi ibada moja ili "tukae wote pamoja", na baada ya miezi michache watu wapo tena nje chini ya mti.

4. Choo, maji, milango

Hapa nitakaa kidogo.

Foleni ya choo cha wanawake ndiyo inayoonyesha kama waliopanga waliwafikiria watu. Wanaume wenye haja ndogo humaliza haraka, akina mama wana watoto, wana kanga za kushika, na hawana sehemu ya kusimama na kuondoka. Kama michoro ina matundu manne kwa wanaume na manne kwa wanawake, ongezeni ya wanawake hata kama ni kwa kupunguza ofisi. Kiwepo kimoja chenye mlango mpana na chuma cha kushikia, kwa mtu wa kiti mwendo na kwa wazee, na kisifanywe stoo ya mafagio. Mnakijua kinachotokea: kinafungwa kwa kufuli, ufunguo anao mtu ambaye Jumapili hiyo amesafiri.

Maji yahesabiwe. Mkiwa na watu 800 kwa ibada mbili, nusu yao wakaenda chooni na kila mmoja akatumia lita 8, hizo ni lita 3,200 kabla hamjaosha vikombe vya ushirika wala kudeki. Tanki la lita 5,000 litawavusha Jumapili moja hata bomba likikauka. Tanki la lita 1,000 litaisha kabla ya ibada ya pili.

Milango ifunguke kwa nje. Haya si mapambo ya michoro. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkusanyiko wa maombi uwanjani, umati uliposukumana kuelekea sehemu moja. Watu wakiogopa, au hata wakifurahi kupita kiasi, hawavuti mlango kuelekea kwao, wanausukuma. Mlango wa pembeni usifungwe kwa mnyororo wakati wa ibada kwa kuogopa wezi wa viatu na simu. Wekeni mhudumu wa mlango, hiyo ndiyo kazi yake. Jumapili moja kabla ya kuhama rasmi, kusanyeni vijana na kwaya zote, wajaze viti, halafu watangazieni watoke kwa milango yote huku mtu mmoja akishika saa. Mtajua siku hiyohiyo ni mlango gani umezibwa na kinanda.

Kwa mteremko wa kiti mwendo, mafundi wengi wanauweka mwishoni kwa kutumia zege lililobaki, na unakuwa mkali kiasi kwamba hata kijana anayesukuma anateleza. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimeta 1 ya kimo inahitaji sentimeta 12 za urefu. Kama sakafu ya kanisa iko sentimeta 45 juu ya uwanja, ambayo ni ngazi tatu tu za kawaida, mteremko unatakiwa uwe na mita 5.4. Nendeni na futikamba mpime uliopo. Ukikuta mita mbili, uvunjwe sasa kabla ya bibi wa jumuiya fulani hajavunjika nyonga.

Na radi. Machi 2018, wilaya ya Nyaruguru nchini Rwanda, radi ilipiga kanisa watu wakiwa ibadani na kuua 16. Kanisa letu jipya mara nyingi ndilo jengo refu kuliko yote mtaani, lina msalaba wa chuma juu na mabati kila upande. Kizuia radi kiwekwe na mtu anayejua kukizika na kukipima, kisitundikwe tu kama alama.

5. Umeme na sauti

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na awaonyeshe waya wa eathi kwa kidole, si kwa maneno. Orodhesheni kila kitu kitakachowashwa kwa pamoja: mitambo, feni, taa, birika la chai la umoja wa wanawake, pampu ya maji. Mpeni orodha hiyo kabla hajaamua ukubwa wa laini ya kuomba TANESCO. Kuizidisha laini baadaye ni gharama ya pili.

Sauti ndiyo inayowashangaza wengi. Banda la zamani halikuwa na kuta, kwa hiyo sauti ilitoka ikapotea. Kanisa jipya lina vigae sakafuni, vioo, ukuta wa plasta laini, na mchungaji akiongea maneno yanarudi na kugongana. Watu wanalaumu mikrofoni, wananunua spika kubwa zaidi, na mambo yanazidi kuharibika. Dawa ya kwanza ni kupunguza mwangwi: mapazia mazito ukuta wa nyuma, mazulia kwenye njia, na spika ndogo nyingi zilizoelekezwa kwa watu badala ya mbili kubwa zilizoelekezwa ukutani. Pimeni jengo likiwa na watu, kwa sababu miili na nguo hunyonya sauti na ukumbi mtupu utawadanganya. Pimeni pia mvua ikinyesha. Bati bila dari kwenye mvua ya masika linaweza kufunika mahubiri yote.

Spika za nje muache. Anayehitaji mahubiri ameshaingia ndani. Sheria ya mazingira ina viwango vya kelele, mamlaka ya mazingira hupokea malalamiko, na zaidi ya sheria, jirani anayelazwa macho na mkesha wenu kila Ijumaa hatakuja kusikiliza Injili kwenu.

6. Nendeni kwa majirani

Wazee wawili na mama mmoja wapite nyumba zote zinazopakana, kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kama kuna msikiti jirani, waende kwa imamu pia. Waseme ibada ni saa ngapi, magari yatakaa wapi, na namba ya kupiga kukiwa na kero. Mswahili akishakaribishwa na kuelezwa, mengi huvumilia. Akiona tu magari yamemzibia geti Jumapili ya kwanza, mmepata mpinzani wa miaka.

7. Nani hatafika?

Swali hili ndilo ningetaka lichukue kikao kizima. Chukueni orodha ya jumuiya, na kwa kila jumuiya andikeni: anatoka wapi, leo anafikaje, kesho atafikaje. Kanisa likisogea kilomita mbili tu, aliyekuwa akitembea sasa anapanda daladala, na baba, mama na watoto wao wanahesabu nauli ya kwenda na kurudi juu ya sadaka. Hatasema. Ataanza kuja mara moja kwa mwezi, kisha atapata kanisa la karibu, na mtajiuliza alikwazwa na nani.

Wapo pia watoto wanaokuja shule ya Jumapili peke yao, ambao wazazi wao hawasali nasi. Wanashikana mikono, wanavuka uchochoro, wanafika. Kama kiwanja kipya kipo ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, watoto hao wamekwisha kupotea isipokuwa mtu mzima awafuate. Pangeni majina ya walimu wawili watakaokusanyika nao mahali pa zamani kila Jumapili na kuvuka nao.

Kwa jumuiya za mbali, njia ninayoipenda kuliko zote ni kutoliuza banda la zamani. Liacheni liwe mtaa, yaani tawi la usharika, na mwinjilisti wake, na ibada yake asubuhi. Najua kishawishi: bei ya kiwanja imepanda na deni la mabati lipo. Lakini hicho kiwanja kilipatikana ili watu wa pale wasali, na watu wa pale bado wapo. Kama ni lazima kuuza, basi Kosta ya kukodi kila Jumapili iingizwe kwenye bajeti ya mwaka, si kuachiwa wenye magari wajitolee, maana kujitolea kwa magari hudumu wiki chache.

8. Fedha za baada ya kuhama

Harambee zote zinalenga siku ya kufungua. Bili zinaanza siku inayofuata. Andikeni bajeti ya mwezi ya jengo jipya: umeme, maji, mlinzi, usafi, kunyonya maji taka, matengenezo, bima. Linganisheni na sadaka ya wastani ya sasa, si ile mnayotarajia. Ikizidi, punguzeni kitu kabla ya kuhama.

Msimalize kumlipa mkandarasi kabla ya kipindi cha matazamio kuisha, yaani muda ambao bado anawajibika kurekebisha kasoro. Mkataba mzuri huzuia sehemu ya malipo hadi muda huo upite, ili paa likivuja masika ya kwanza arudi. Ndugu wakianza kusema "mlipeni, ni mpendwa mwenzetu", msomeeni mkataba mpendwa huyo. Kama ni mpendwa kweli ataelewa.

Ahadi ambazo hazijalipwa zifuatiliwe kwa siri na upole. Kusoma majina ya wadaiwa madhabahuni kumewafukuza watu kanisani kuliko umbali wowote.

9. Vitu vya kubeba

Rejista za ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo zibebwe na mtu mmoja aliyeandikwa jina, kwenye gari lenye mlango, si juu ya lori la viti. Kabla ya kubebwa, zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Cheti cha ubatizo cha mtu aliye Mwanza leo kinategemea kitabu hicho.

Angalieni wachumba ambao matangazo yao yameanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21, na watu wamechapisha kadi zenye jina la mahali. Waambieni mapema ndoa itafungwa jengo gani.

Halafu kuna mabenchi. Banda la zamani lina benchi la mninga lililotolewa na familia kwa kumkumbuka baba yao, jina limechongwa kwa patasi nyuma ya mgongo. Viti vipya ni vya plastiki au vya chuma, na benchi halifanani navyo. Mtu atasema lipelekwe jikoni. Waulizeni wenye familia kwanza. Mara nyingi wanachotaka ni liwekwe mahali panapoonekana, hata karibu na mlango, na wazee watashukuru kupata pa kukaa wakisubiri usafiri.

10. Tarehe

Kwa Dar es Salaam na pwani, Julai hadi Septemba ni wakati mzuri: masika yamepita, vuli haijaanza. Epukeni Pasaka na Krismasi, na msiweke kipaimara mwezi uleule.

Tenganisheni siku ya kuhamia na siku ya kuweka wakfu, kama utaratibu wa kanisa lenu unaruhusu. Mkiziunganisha, mgeni rasmi anakuwa ndiye anayeamuru kasi ya mafundi. Desemba 2016, mjini Uyo nchini Nigeria, paa la kanisa ambalo halijakamilika liliporomoka juu ya waumini waliokuja kwenye ibada ya kumsimika askofu, na watu wengi walikufa. Ujenzi ulikuwa ukiharakishwa ili kuiwahi siku hiyo. Mzee wa kanisa anayesema "tusogeze mbele" asionekane hana imani. Anazilinda roho za watu, na Baba Askofu mwenyewe akielezwa atakubali.

11. Jumapili yenyewe

Anzeni kwenye banda la zamani kwa ibada fupi ya shukrani. Wapeni nafasi ya kusema wale walioanza sebuleni, wasio viongozi leo. Kisha maandamano na matarumbeta mbele, kama umbali unaruhusu. Taarifa iwe imeshapelekwa polisi kwa maandishi, na wazee na wenye watoto wachanga wapande gari. Mpite njia ambayo watu wataitumia kila wiki, ili waijue. Maji ya kunywa yawepo mwanzo na mwisho. Hotuba za wageni ziwe mbili, kwa sababu watoto wana njaa.

12. Miezi mitatu ya kwanza

Kila kiongozi wa jumuiya awe na daftari la majina yake na aweke alama kila Jumapili. Asiyeonekana Jumapili tatu atembelewe nyumbani, na anayemtembelea asimuulize kuhusu ahadi ya ujenzi. Amuulize anafikaje.

Wekeni daftari jingine kwa mlinzi, la kasoro: bomba linalovuja, mlango unaokwaruza, taa inayokatika, kigae kilichoinuka. Mhandisi au fundi wenu alipitie kila mwezi, na orodha ipelekwe kwa mkandarasi kwa barua yenye tarehe, akisaini nakala, kabla kipindi cha matazamio hakijaisha.